Stafu Sugu Wodini: Kumhudumia Mgonjwa Bila Kumwambukiza wa Kitanda cha Pili

Mgonjwa amepasuliwa, siku ya tano mshono umevimba na unachuruza usaha, antibiotiki ya seftriaksoni inaingia kila siku na homa haishuki. Hapo mfikirie bakteria stafilokokasi aureasi (stafu) aliye sugu kwa methisilini, dawa ya jamii ya penisilini, yule ambaye maabara humwandika MRSA. Mwongozo huu ni wa wauguzi na maafisa wa kliniki wa Mombasa, katika wodi ambazo vitanda vimesongamana na chumba cha pekee hakipatikani. Bakteria huyu hubebwa, na mbebaji wake mkuu ni mikono yetu wahudumu.

Hatua ya 1: Toa sampuli kabla ya kubadilisha dawa

Kosa linaloharibu yote yanayofuata ni kufuta usaha wa juu na kuupeleka maabara. Usaha ule umejaa vijidudu vya ngozi na vya bandeji. Osha kidonda kwa maji ya dripu ya chumvi ya asilimia 0.9, kisha zungusha kijiti cha pamba kwenye nyama iliyo hai, eneo la sentimita 1 ya mraba, kwa sekunde 5, ukikandamiza mpaka majimaji ya ndani yatoke. Kama ni jipu, vuta usaha kwa sirinji. Hiyo ni sampuli bora kuliko pamba. Andika mahali ilipotoka, saa, na dawa ambazo mgonjwa amekwisha kupewa.

Ifike maabara ndani ya saa 2. Ikiwa itavuka Likoni kwa feri, tumia kichupa chenye jeli ya kusafirishia sampuli, na usikiache kwenye dashibodi ya gari juani foleni ikikwama.

Homa ikiwepo, toa na damu ya kuotesha bakteria: mara mbili, sehemu mbili tofauti za mwili, mililita 8 hadi 10 kwa kila chupa. Safisha ngozi kwa klorheksidini yenye spiriti, usubiri ikauke.

Hatua ya 2: Soma majibu kwa makini

Tazama sefoksitini, dawa ambayo maabara huitumia kupima usugu huu. Kwa kidonge cha maabara cha mikrogramu 30 kinachowekwa juu ya bakteria waliooteshwa, duara tupu lisiloota bakteria likiwa na milimita 21 au chini yake maana yake ni MRSA. Jeni ya mecA humpa bakteria protini ambayo dawa za jamii ya penisilini hazishiki, kwa hivyo flukloksasilini, amoksisilini yenye klavulaneti, seftriaksoni na hata meropenemu hazitafanya kazi, hata zikiandikwa kwamba zinafaa. Wa maabara wakague kipimajoto cha inkubeta, kabati la joto la kuoteshea bakteria: ikizidi nyuzi 35 usugu huweza kufichika, na mashine iliyozoeshwa 37 hukosea bila mtu kujua. Vankomaisini nayo haipimwi kwa kidonge. Duara lake hudanganya.

Takriban watu 3 kati ya 10 hubeba stafilokokasi aureasi puani bila kuugua. Kidonda kisicho na wekundu, joto wala usaha hakihitaji antibiotiki kwa sababu ya karatasi ya majibu tu. Ila akionekana kwenye damu, usiseme kamwe kwamba ni uchafu wa ngozi.

Hatua ya 3: Ondoa chanzo, kisha dawa

Jipu lipasuliwe likamuliwe, kanula (mrija wa mshipani) ya zamani ing'olewe. Dawa haiingii vizuri ndani ya usaha.

Vankomaisini kwa mtu mzima mwenye figo nzima: miligramu 15 kwa kila kilo, kila saa 12. Gramu 1 ichanganywe na mililita 250 za dripu ya chumvi, iingie kwa dakika 100. Ikikimbizwa, mgonjwa huwashwa na kuwa mwekundu usoni na shingoni, presha hushuka. Simamisha, akitulia, anza upya polepole. Pima kreatinini, kipimo cha damu cha figo, na usiiongezee jentamaisini bila sababu nzito. Stafu ya damu hutibiwa siku 14 kwa uchache, zikihesabiwa tangu damu ya kwanza iliyopimwa ikatoka safi, bila bakteria.

Hatua ya 4: Kitanda na wageni

Mweke pembeni, mbali na waliopasuliwa karibuni, nafasi ya mita 1 au zaidi. Awe na kipimajoto na mkanda wa presha wake. Bandeji yake ibadilishwe ya mwisho katika mzunguko. Glavu na aproni vivuliwe hapo hapo kitandani.

Leso zinazotoka nyumbani husahaulika. Hutandikwa, hufunikiwa, kisha hukaliwa kwenye kitanda cha jirani. Mwambie anayemuuguza kwa upole: "Mama, leso hii itie kwenye mfuko wake, ifue kwa maji ya moto uianike juani. Na ukitoka hapa, usimshike mgonjwa mwengine kabla hujanawa."

Hatua ya 5: Mikono

Sanitaiza ya spiriti, sekunde 20 hadi 30, mpaka ikauke yenyewe. Mikono ikiwa na usaha au damu, sabuni na maji, sekunde 40 hadi 60. Maji ya kisima cha chumvi hayatoi povu, na muuguzi huishia kusuuza tu. Weka mtungi wa maji matamu wenye bomba karibu na sinki. Glavu hazichukui nafasi ya kunawa. Nawa hata kama umegusa kabati la mgonjwa tu, maana hapo ndipo wengi huteleza.

Hatua ya 6: Jiki

Sabuni kwanza, kwa kuwa uchafu hula klorini. Kwa jiki ya asilimia 3.5, tia mililita 290 kwenye ndoo na ujaze maji hadi lita 10 kwa kufuta kitanda, kabati na vishikio vya mlango. Usaha au damu iliyomwagika: sehemu 1 ya jiki kwa 6 za maji, iache dakika 10. Changanya upya kila asubuhi na uweke kivulini. Joto la kaskazi huimaliza nguvu. Usiichanganye na spiriti.

Hatua ya 7: Akihamishwa

Andika MRSA juu kabisa ya barua ya rufaa, na upige simu wodi inayompokea kabla ambulansi haijaondoka, wapate kumtayarishia kitanda cha pembeni.