Kufunga Mradi katika Redmine bila Kupoteza Matoleo ya Michoro

Ninatunza kumbukumbu za mafundi wanaokarabati nyumba za mawe katika mji wa kale wa Lamu. Niliwahi kuambatisha katika Redmine, programu ya kusimamia miradi, faili mbili za mchoro wa daka moja (ukumbi wa mlangoni wenye baraza), zote zikiitwa "mwisho", na fundi akajenga baraza kwa vipimo vya ile ya zamani; zikavunjwa, na gharama ikawa yangu. Utaratibu ufuatao ndio ninaoutumia tangu hapo.

Hatua ya 1. Acha kutunza matoleo kwa viambatisho. Redmine huhifadhi historia ya kurasa zake za maandishi (ziitwazo wiki), lakini kiambatisho kipya hakichukui nafasi ya kile cha awali. Vyote viwili hubaki pale pale, na msomaji hukisia. Weka michoro katika hazina ya Git, programu inayotunza kila toleo la faili, kisha uiunganishe na mradi kwenye mipangilio yake. Kwa kuwa Redmine husoma hazina ya Git iliyomo ndani ya seva yake yenyewe, hazina iliyo kwingine inahitaji kwanza kunakiliwa huko kwa git clone --mirror, na nakala hiyo ihuishwe mara kwa mara.

Hatua ya 2. Kila unaposajili badiliko, taja namba ya kazi inayohusika:

git commit -m "Upana wa daka umesahihishwa, refs #48"

Neno refs likifuatwa na namba hulifanya badiliko lionekane chini ya kazi namba 48. Eleza sababu, si tendo tu: Git haiwezi kukuonyesha kwa maneno tofauti kati ya michoro miwili ya PDF, kwa hiyo ujumbe wako ndio utakaosomwa miaka mitano baadaye, daka litakapohitaji kurekebishwa tena.

Hatua ya 3. Siku ya makabidhiano, tia alama:

git tag -a makabidhiano -m "Michoro iliyokubaliwa na mwenye nyumba"

Hatua ya 4. Funga mradi kwa kitufe cha Close. Mradi uliofungwa husomeka, ila haubadilishwi. Mimi huuacha katika hali hiyo mpaka malipo ya mwisho yaishe, kwa sababu hapo ndipo maswali huja.

Hatua ya 5. Ndipo msimamizi wa mfumo auhifadhi kwa Archive. Hapa wengi huteleza: mradi uliohifadhiwa hauonekani tena kwa watumiaji, na miradi midogo iliyo chini yake huhifadhiwa pamoja nao, hata ile ambayo kazi yake bado inaendelea. Ikague kwanza.

Hatua ya 6. Kuhifadhi huko si nakala ya akiba, kwani taarifa zote zimebaki katika hifadhidata ile ile, na seva iliyo karibu na bahari haina urafiki na hewa ya chumvi. Nakili hifadhidata pamoja na folda ya files yenye viambatisho, halafu ukusanye historia yote ya Git katika faili moja:

git bundle create nyumba.bundle --all

Peleka vitu hivyo vitatu nje ya kisiwa. Vyangu hukaa Malindi. Huko, kwenye kompyuta nyingine, andika git clone nyumba.bundle, ingia katika folda iliyotokea, andika git checkout makabidhiano, kisha fungua mchoro wa daka na ulinganishe vipimo vyake na karatasi iliyotiwa saini.