Somo: Kumlisha mgeni mada kwenye usiku wa tuzo

Wengi mkipewa usiku wa tuzo wenye mada mnakimbilia menyu. Mimi huanza na ratiba. Mgeni wa tuzo si mgeni wa harusi: roho iko juu kama jina lake litaitwa, mkono mmoja una glasi, na kila baada ya dakika chache anatakiwa apige makofi. Chakula kisichojua hayo kitarudi jikoni.

Tuchukue mada ya kilindi cha bahari.

Hatua ya 1. Omba ratiba kwa mshereheshaji, uweke alama pale ambapo mikono ya wageni iko huru. Mara nyingi ni mapokezi, mapumziko na baada ya tuzo kubwa. Mtu akiwa jukwaani, wahudumu wasimame. Mlio wa vijiko wakati mshindi anamshukuru mama yake unaudhi kweli.

Hatua ya 2. Andika mada kwa sentensi yenye kitenzi. "Bahari" haitoshi. "Mgeni anazama kutoka kwenye mwanga hadi gizani, kisha anaibuka": hapo umeshapata menyu. Mapokezi ni juu ya maji, yaani baridi, limau, vitu vinavyokatika kwa mlio. Katikati ni kilindini: vya moto, laini, ladha nzito. Mwisho ni kuibuka, matunda na utamu. Kutia rangi ya buluu kila kitu si ubunifu, ni uvivu.

Hatua ya 3. Milango ya fahamu. Hapa tukae kidogo.

Mwaka 2007 mpishi Heston Blumenthal, kwenye mgahawa wake wa The Fat Duck nchini Uingereza, alianza kuandaa mlo wa vitu vya baharini ulioletwa pamoja na kombe, yaani gamba la konokono wa baharini, lenye spika za masikioni. Mgeni anakula huku akisikia mawimbi. Kwa wageni mia tatu huwezi, wala huhitaji. Sauti ya mawimbi iwe ya ukumbi mzima. Kinachobaki mkononi ni chombo: kombe lenye makwaruzo, limelala juu ya barafu. Vidole vinahisi ubaridi kabla ulimi haujaonja, na mgeni ameshazama.

Kelele nazo zina lake. Ukumbi ukivuma, ulimi hausikii sawasawa chumvi na sukari, lakini ile ladha nzito ya uyoga, mwani na jibini iliyokomaa hustahimili. Kwa hiyo kilindini napika mchuzi wa uyoga na mwani badala ya kuongeza chumvi.

Halafu taa. Mwanga wa buluu huigeuza nyama nyekundu kuwa kama imechacha. Jaribu sahani zako chini ya taa zenyewe, si jikoni.

Mara moja nilizima karibu taa zote ili kilindi kiwe kilindi. Wahudumu wawili wakagongana na masinia yao mbele ya meza ya majaji. Siku hizi naacha mwanga hafifu kwenye njia.

Hatua ya 4. Ukubwa ni tonge moja, lisilodondosha mchuzi. Kama mlo unafuata, vipande 4 hadi 6 kwa mgeni vinatosha kwa saa moja ya mapokezi. Kipime mwenyewe ukiwa umeshika glasi.

Hatua ya 5. Vya moto vikae juu ya nyuzi 60, vya baridi chini ya 5. Barafu kavu, yaani gesi ya kaboni dioksidi iliyogandishwa, inatoa ukungu mzuri wa bahari, ila iko karibu nyuzi 78 chini ya sifuri: isishikwe kwa mkono mtupu, isiingie kwenye kinywaji cha mgeni, isifungiwe kwenye chombo kilichobana maana kitapasuka. Gesi yake hutuama chini, hivyo hewa ipite.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Bajeti yangu ni ndogo, nipunguze wapi?*
Marahaba. Usipunguze kila mahali kidogo kidogo. Weka nguvu kwenye dakika ya kuzama, kwingine pika vizuri tu.

*Mwenye mzio wa vitu vya baharini atakula nini?*
Mada ya bahari haidai samaki hata mmoja. Uliza mzio kwenye mwaliko, na jibu lifike jikoni likiwa na jina na namba ya meza. Kombe halisi lenyewe laweza kumdhuru, ndiyo maana makombe yangu yote ni ya udongo wa kuchoma.

*Hotuba zikipitiliza je?*
Zitapitiliza. Chakula cha kilindini kiwe cha kusubiri, kama huo mchuzi kwenye moto mdogo. Vya kukatika mdomoni viunganishwe dakika ya mwisho. Mimi humweka mtu mmoja wa jikoni nyuma ya jukwaa na redio ya mkononi. Anaposema "anamalizia", ndipo masinia yanainuliwa.