Besi imepotea? Angalia nyaya za spika kwanza
Jamani kama umefunga spika mbili na besi unaisikia nyembamba yaani haina uzito kabisa, usikimbilie kununua sabufa, angalia kwanza nyaya za nyuma. Mara nyingi spika moja imefungwa chanya kwenye hasi, sasa hapo moja ikisukuma hewa mbele nyingine inaivuta nyuma, mawimbi yanakutana kilele kwa bonde na yanafutana. Zikiwa sawa kilele kinakutana na kilele, wimbi linakuwa kubwa. Besi ndo inaumia zaidi maana wimbi la hezi 50 (mitetemo 50 kwa sekunde) lina urefu wa karibu mita 7 na spika zako zimeachana mita moja au mbili tu, kwa hiyo mawimbi ya spika zote mbili yanakufikia karibu pamoja na kufutana karibu yote, ila sauti nyembamba za juu mawimbi yake ni ya sentimita tu, hapa yanafutana pale yanajengana, husikii tofauti kubwa.

Kupima ni rahisi, piga wimbo wenye besi ukae katikati, kisha zima amplifaya, geuza nyaya za spika MOJA (ukigeuza zote mbili umerudi palepale), washa tena usikilize. Palipo na besi nzito ndo sahihi, acha hivyo.