Somo: Kuku wa mayai waliotolewa vizimbani, namna ya kuwalea uani

Kila wiki swali ni lile lile: "Nimechukua kuku wa mayai wa vizimbani, mbona wamejikunyata tu?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena bila kusoma nitamrudisha hapa hapa.

Hawa ni kuku wa kizungu ambao mfugaji huwaondoa wakifika wiki ya 72 hadi 80 hivi, mayai yakishapungua kiasi cha kutolipa chakula. Wengi huishia sufuriani. Unayetaka kuwafuga kwa mapenzi, fuata hivi.

1. Kuchagua. Wachukue watatu au zaidi, maana kuku wa peke yake hunyong'onyea. Mgongo mtupu bila manyoya si ugonjwa, wala undu uliopauka na kulala upande. Mwache anayekoroma, anayetoa makamasi, au mwenye tumbo lililojaa kama mfuko wa maji. Uliza walichanjwa kideri (ugonjwa wa mdondo) lini.

2. Banda. Kuku watatu kwa mita moja ya mraba, waya wa tundu la nusu inchi, komeo la kweli. Ngawa na cheche hawabishi hodi.

3. Kubeba. Mikono miwili, mbawa zimebanwa. Usimning'inize kwa miguu kama tunavyoona sokoni: kalsiamu ya mifupa yake imekwenda kwenye maganda ya mayai, na kizimbani hakuwa na nafasi ya kutembea. Mfupa huvunjika kirahisi. Safirisha alfajiri, kwenye tenga linalopitisha upepo.

4. Siku tatu za mwanzo. Hapa ndipo watu wanapowapoteza. Kizimbani alikunywa kwa kudonoa chuchu ya bomba, beseni halijui. Atasimama pembeni ya maji yaliyojaa huku kiu inamuua, na kama ni kaskazi hamalizi siku mbili. Mchovye kila mmoja ncha ya mdomo, matundu ya pua yabaki nje, mara tatu nne kwa siku, mpaka umwone anainama mwenyewe na kuinua shingo kumeza. Chombo kiwe kizito, kifupi, kivulini. Kuku mmoja hunywa kama robo lita kwa siku, na joto likizidi huweza kufika nusu lita. Maji ya kisima cha chumvi usiwape: kinyesi hulainika na maganda ya mayai hudhoofu.

Usiwatoe jua la mchana, ngozi tupu inaungua. Anza na jua la asubuhi.

Ufito wa kulalia usizidi sentimita 30 kutoka chini. Akiruka kutoka juu anavunja mguu au mfupa wa kifua.

Magharibi ikiingia wabebe uwaingize ndani. Hawajui kurudi bandani, na gizani hawaoni vizuri.

5. Chakula. Gramu 110 hadi 130 kwa kila kuku kwa siku, chakula kile kile cha kuku wa mayai walichozoea. Mchicha na papai baada ya wiki mbili, kidogo kidogo. Pumba na ukoko wa wali peke yake ni kuwaua njaa polepole. Dagaa wetu huchemshwa kwa chumvi kabla ya kuanikwa, kwa hiyo waloweke usiku kucha na umwage maji. Chumvi nyingi humuua kuku.

6. Kama una kienyeji, watenganishe wiki tatu. Chanjo ya kideri aina ya I-2 ni tone moja jichoni, hurudiwa kila miezi mitatu.

MASWALI

Kijana wa Fuoni: Kaka, wiki ya pili hawatagi na manyoya yanapukutika. Nimetapeliwa?
Jibu: Hukutapeliwa. Mabanda mengi huwasha taa mpaka mwanga ufike saa 16 kwa siku, na mchana wetu ni saa 12 hivi mwaka mzima. Mwanga ukipungua ghafla kuku hupumzika na kubadili manyoya. Mpe miezi miwili mitatu.

Mtu wa Darajani: Kuku kumfuga kama paka? Si umle tu.
Jibu: Mle. Somo hili si lako. Uingereza kuna British Hen Welfare Trust tangu 2005, kazi yao ni kuwatafutia kuku hawa nyumba.

Baba Chogo: Niliwachanganya siku ile ile. Sasa kienyeji wanaharisha kijani na shingo zinapinda. Dawa gani?
Jibu: Namba 6 umeisoma? Dalili hizo ni za kideri, na dawa yake hakuna. Usiuze wala usigawe hata mmoja. Waliokufa wafukie shimo refu. Mwite bwana mifugo leo, si kesho.

Ukhti wa Wete: Samahani mwalimu, makombe ya chaza huku yapo tele. Niwasagie unga?
Jibu: Swali zuri, ukhti. Unga hapana. Yaoshe chumvi itoke, yaanike, uyaponde kiasi cha punje ya choroko. Punje hukaa kwenye firigisi zikayeyuka taratibu usiku, na usiku ndipo ganda linapotengenezwa. Unga hupita upesi. Weka chombo chake mbali na chakula, kila kuku atajipimia. Ukilazimisha kwa asiyetaga, kalsiamu ikizidi humuumiza figo.

Ukhti wa Wete: Ahsante. Na chawa je?
Jibu: Sanduku la mchanga mkavu na jivu la kuni lililopoa, wataoga wenyewe. Usitie chokaa, inaunguza ngozi.

Jirani wa Mkoani: Mimi tatizo langu kunguru, mayai yote wanamaliza wao.
Bi Mchanga: Yakhe, tundika pazia la gunia mlangoni kwa kiota, liachie upenyo wa kuku kupita. Kunguru hapendi kuingia asipopaona. Na uokote mayai asubuhi mara mbili, adhuhuri ikifika wengi washataga.