Trekta la zamani linatingisha usukani? Anzia kwenye matairi ya mbele

Kama una Massey Ferguson 135 ya siku nyingi na ukiongeza mwendo barabarani tairi za mbele zinacheza mpaka mikono inatetemeka, usikimbilie kununua boksi ya usukani, mara nyingi ugonjwa uko huku chini. Zuia tairi za nyuma kwa magogo, piga jeki chini ya ekseli upande mmoja halafu weka stendi, jeki peke yake usiiamini kabisa.

Shika tairi juu na chini, sukuma vuta, mwenzako aangalie kwa ndani: ikicheza habu (kitovu cha tairi) tu ni beringi, ikicheza spindo nzima (chuma kinachobeba habu) ni bushi za kingpini, yaani pini ambayo tairi hugeukia. Beringi ni kazi ndogo, toa kapu, chomoa pini, kaza nati huku unazungusha tairi mpaka iwe nzito kidogo, kisha legeza nati hadi tundu la pini lililo karibu na uweke pini mpya.

Sasa mwenzako acheze usukani, wewe shika tairodi endi (kiungo cha mwisho wa fimbo inayogeuza tairi), ukisikia inagonga badilisha, tena usikubali fundi aichomelee maana ikikatika barabarani trekta haligeuki. Mwisho pima kati ya rimu za tairi mbili za mbele kwa usawa wa habu, upande wa mbele wa tairi hizo pawe pembamba kuliko upande wake wa nyuma kwa milimita chache tu.