Somo: kugeuza nyumba kongwe ya Unguja kuwa hoteli ndogo, hata kama hujasomea hoteli

Wadau salaam. Wengi wanadhani hoteli lazima uwe na digrii na mtaji wa kutisha, lakini pale Mji Mkongwe mmoja wa waliofungua njia ni Emerson Skeens, Mmarekani, alichukua magofu ya mitaa ya Hurumzi na Kiponda akayatengeneza hoteli, kila chumba na sura yake, alifariki 2014 ila mpaka leo wageni wanapanda ngazi zile kwenda kula juu ya paa jua likizama.

Hatua ya 1: karatasi. Nyumba nyingi ni za wakfu, za serikali au za mirathi, warithi wengine wako Muscat wengine London, usitoe hela mpaka wote wasaini. Halafu kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe, usiguse hata dirisha kabla, mji uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2000.

Hatua ya 2, na hapa ndo penyewe. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, unyevu unapanda toka chini na lazima upate pa kutokea, sasa ukipiga plasta ya saruji umeuziba, plasta itabanduka na boriti zitaoza zile ncha zilizoingia ukutani. Tafuta fundi mzee anayejua chokaa ya kuroweka. Na boriti za mikoko ni fupi ndo maana vyumba vyembamba, jamani msibomoe ukuta, chongesha kitanda kiendane na chumba! Tangi la maji liweke chini utumie pampu, paa kongwe halibebi mzigo ule.

Hatua ya 3: paa likulipe. Vyumba sita havilipi mishahara Aprili na Mei masika yakipiga, lakini kwenye meza za juu wanakula hata wageni waliolala kwingine.

MASWALI

Mdau: Gari haifiki mlangoni, si watakimbia?
Jibu: Hawakimbii, hivyo vichochoro ndo vimewaleta. Tuma kijana na mkokoteni akawasubiri gari linapoishia.

Mdau: Pombe je?
Jibu: Ina leseni yake peke yake. Anza kwa sheha (kiongozi wa serikali wa mtaa) na majirani, msikiti uko hatua chache, mi nashauri uanze na juisi na kahawa.

Mdau: Nyumba yangu iko Lamu, ni yaleyale?
Jibu: Ujenzi ndo huohuo, chokaa na boriti. Vibali ndo tofauti, anzia kaunti na Makumbusho ya Taifa ya Kenya.