Turubai likishashushwa: namna ya kukaa na mfiwa

Msiba ukiwa wa moto kila mtu yupo, viti vya kukodi, daftari la rambirambi, masufuria ya wali. Shida inakuja mkishaanua matanga, ndugu wa Sengerema na Geita wanapanda gari zao na mfiwa anabaki na nyumba. Hapo sasa ndo unatakiwa.

Acha hiyo ya "ukihitaji chochote niambie", hatakwambia, nani ana nguvu ya kupanga mahitaji saa hizo? We nenda na kitu kabisa. Pitia soko la samaki la mwaloni Kirumba hapa Mwanza asubuhi chukua sato wawili, wapare mwenyewe, pika, mle wote sahani moja, maana peke yake chakula hakipandi ila mkikaa wawili anajikuta kamaliza ugali. Na kama kuna cheti cha kifo cha kufuatilia RITA (wale wa kusajili vizazi na vifo), mirathi mahakamani, mafao, ongozana nae, zile foleni zinamaliza mtu jamani.

Maneno yawe machache, pole inatosha. "Jikaze" achana nayo, hasa kwa wanaume, na ile "Mungu kampenda zaidi" mi siipendi kabisa, mama aliyezika mtoto unataka ajibu nini? Ila jina la marehemu litaje. Watu wanaogopa eti watamkumbusha, kwani kasahau?

Aliyefiwa ziwani ni habari nyingine, na huku kwetu wapo wengi. Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 na mpaka leo kuna watu hawana kaburi la mtu wao, wengine wanaenda Igoma kwenye makaburi ya waliozama kuombea tu bila kujua kama yupo pale. Halafu ikaja ajali ya kivuko cha MV Nyerere, kisiwa cha Ukara, Septemba 2018. Mtu kama huyo usimwambie akubali yaishe, mwili hajauona akubali nini. Akisema meli hapandi tena usibishane nae, kwenda Bukoba sikuhizi daraja la Kigongo–Busisi lipo, mpitishe huko.

Arobaini, sikukuu, tarehe aliyofariki, weka alamu kwenye simu, siku hiyo piga au nenda.

Ukiona miezi inakatika hapati usingizi, haogi, au anasema bora amfuate marehemu, usimwache peke yake na usiishie kwenye maombi, ombeni ila mpeleke hospitali siku hiyohiyo, hospitali ya Bugando wapo madaktari wa akili, na ukimpeleka kaa nae mpaka aonwe.